Mizani ya Kuchagua Washambuliaji Ionekane Mpaka Kitangari

KILA orodha ya wachezaji wa timu ya Taifa ya kandanda inapotangazwa, nchi nzima hugeuka kuwa kamati ya uteuzi. Maofisini, katika vyumba vya walimu, kwenye vituo vya mabasi na barazani, swali huwa moja: nani aongoze safu ya mbele ya Taifa Stars? Walinzi hujadiliwa kwa dakika tano, mlinda mlango kwa dakika kumi, lakini washambuliaji hujadiliwa mpaka jua likachwa. Mmoja huuliza kwa nini fulani ameachwa hali mabao yake yanajulikana. Mwingine huuliza kwa nini fulani ameitwa hali hakucheza katika klabu yake kwa miezi kadhaa. Wa tatu husema kwa sauti ya chini kwamba jibu linajulikana, tazama tu rangi ya jezi yake.

Mjadala huo si wa kupuuzwa. Timu ya Taifa ni mali ya umma, na mwenye mali ana haki ya kuhoji inavyotunzwa. Ubaya wa mjadala huu ni kwamba huanzia mwisho. Huanza siku majina yanaposomwa, hali uteuzi wenyewe ulikwisha kufanyika miaka kumi nyuma katika viwanja vya shule, na mara nyingi ulifanywa vibaya au haukufanywa kabisa. Kocha wa Taifa hachagui washambuliaji wa nchi hii. Huchagua miongoni mwa wale wachache waliobaki baada ya nchi kukwisha kuwapoteza wengine.

Hesabu inaeleza hali hiyo waziwazi. Mwezi Agosti 1979, mjini Ndola, bao la kusawazisha la Peter Tino dhidi ya Zambia liliipeleka Tanzania katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Katika fainali hizo, zilizochezwa Nigeria mwezi Machi 1980, Taifa Stars ilifungwa na wenyeji 3–1, ikafungwa na Misri 2–1, kisha ikatoka sare ya 1–1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga bao moja na Thuwein Ally akafunga mawili. Baada ya hapo ilipita miaka 39 ndipo nchi hii ikaonekana tena katika fainali hizo, nchini Misri mwaka 2019. Huko ilifungwa na Senegal 2–0, na Kenya 3–2, na Algeria 3–0. Katika fainali za Ivory Coast, zilizochezwa mwanzoni mwa 2024, ilifungwa na Morocco 3–0, ikatoka sare ya 1–1 na Zambia, kisha sare isiyo na mabao na Kongo.

Kwa fainali hizo tatu, ilikuwa michezo 9 na mabao 6, na nusu ya mabao hayo yalifungwa mwaka 1980. Matatu yaliyosalia yalifungwa na watu wawili tu: Mbwana Samatta moja na Simon Msuva mawili. Fainali za 2025 zilizofanyika Morocco zilileta faraja, kwa kuwa Taifa Stars ilivuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Hata hivyo ilivuka kwa sare, na mpaka ilipotolewa na wenyeji haikuwa imeshinda mchezo hata mmoja wa fainali hizo, kama ilivyokuwa katika fainali zote zilizotangulia.

Takwimu hizo haziwaaibishi Samatta na Msuva. Zinawapa heshima. Samatta alitoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa klabu za Afrika na kuteuliwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara hili. Akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Msuva naye alitoka Yanga akaenda kutafuta maisha ya soka Morocco na kwingineko. Mzigo waliobebeshwa wawili hao ulikuwa wa watu kumi. Nchi inayotegemea wafungaji wawili kwa muda mrefu kiasi hicho haina haki ya kuwalaumu miguu yao inapochoka. Yapaswa ijiulize wengine wako wapi.

Ligi ya nyumbani inatoa sehemu ya jibu. Katika misimu 7 kuanzia 2018/19 hadi 2024/25, ni misimu 2 tu ambamo mfungaji bora wa Ligi Kuu alikuwa Mtanzania: John Bocco wa Simba msimu wa 2020/21 na George Mpole wa Geita Gold msimu wa 2021/22. Misimu mingine ilitawaliwa na wageni: Meddie Kagere mara mbili mfululizo, kisha Fiston Mayele na Saido Ntibazonkiza waliofungana kwa mabao, Stephane Aziz Ki, na Jean Charles Ahoua. Kuwalaumu wageni hao ni kukwepa ukweli. Walikuja kwa uwezo wao, wakafanya kazi waliyoajiriwa kuifanya, na ligi ikapata sifa. Klabu inataka bao la Jumamosi hii, wala haiwezi kungoja mtoto akue. Kazi ya kumkuza mtoto si ya klabu peke yake.

Mfano wa Mpole una somo kubwa zaidi. Alifunga mabao 17 akiwa na timu ya mji wa migodi, akawapita washambuliaji wote wa klabu mbili kubwa za Kariakoo, wa ndani na wa nje. Mabao hayo yalithibitisha kwamba mfungaji anaweza kupatikana mahali ambapo kamera hazikai kila siku. Basi kama Geita alikuwapo mmoja, nani amethubutu kusema kwamba Kibondo hayuko, Tunduru hayuko, Newala hayuko?

Chukua Kitangari, juu ya nyanda za Wamakonde, wilayani Newala. Kuna shule, kuna chuo cha ualimu, kuna mikorosho kila upande, na kuna watoto wanaocheza chandimu kwa mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba mpaka giza linapowafukuza uwanjani. Mtoto anayejifunza kuumiliki mpira wa namna hiyo, usiodunda sawasawa, juu ya ardhi ya mchanga, amekwisha kujifunza jambo ambalo halifundishwi kwa urahisi katika uwanja wa nyasi. Lakini Kitangari iko zaidi ya kilometa 500 kutoka Dar es Salaam. Mkoa wa Mtwara ulikuwa na Ndanda katika Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2014/15, na kwa miaka hiyo vijana wa kusini waliweza kuziona timu kubwa katika uwanja wa Nangwanda Sijaona. Mwaka 2020 Ndanda ikashuka daraja. Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilikuwa imekwisha kupanda Ligi Kuu mwaka 2019, lakini kutoka Kitangari hadi Ruangwa ni safari, na nauli ya safari hiyo haitoki mfukoni mwa mtoto wa darasa la sita.

Mwananchi wa Kitangari anaelewa vizuri sana habari ya uteuzi, kuliko wanavyodhani wanaokaa mijini, kwa sababu kila msimu wa korosho yeye mwenyewe husimama mbele ya mizani. Hupeleka gunia lake ghalani. Korosho hupimwa uzito, hukaguliwa ubora, hupangwa daraja la kwanza au la pili. Mkulima aliyeona mizani kwa macho yake, akaona mkono uliochota sampuli, akaelezwa kwa nini korosho zake zina unyevu, huenda akaondoka na uchungu, lakini hataondoka na shaka. Yule ambaye gunia lake lilipimwa nyuma ya mlango, kisha akaambiwa tu kwamba ni daraja la pili, hataamini hata kama kweli ni la pili.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa uteuzi wa washambuliaji. Majina hutangazwa, lakini mizani haionekani. Umma hauelezwi kama mshambuliaji wa kati alipimwa kwa mabao, au kwa dakika alizocheza, au kwa uwezo wa kuukaba mpira akiwa ameupa mgongo mlango wa wapinzani, au kwa bidii ya kuwasumbua walinzi wanapoanza kujenga mashambulizi. Hivyo vyote ni vipimo halali. Kocha mmoja anaweza kumwacha mwenye mabao 12 na kumwita mwenye mabao 6 akawa na sababu iliyo njema kabisa, kwa kuwa huyo wa pili anawavuta walinzi wawili na kuwafungulia njia mawinga. Lakini sababu njema isiyosemwa hufanana na upendeleo. Kimya cha wanaohusika ndicho kinachozaa uvumi wa jezi na wa ukoo.

Wapo watakaojibu kwamba kocha lazima awe na uhuru wake, na kwamba timu haichaguliwi kwa mkutano wa hadhara. Hilo ni kweli, na hakuna mwenye akili timamu anayedai kura ipigwe kuhusu nani avae jezi namba tisa. Uhuru wa kocha ni wa kuamua. Si uhuru wa kutoeleza. Hakimu naye ana uhuru, lakini huandika sababu za hukumu yake. Wapo pia watakaohofu kwamba kuitaja mikoa ni kudai nafasi zigawanywe kama posho: mmoja wa Mtwara, mmoja wa Kigoma, mmoja wa Pemba. Hiyo nayo isikubalike kamwe. Mtoto wa Newala hahitaji kuhurumiwa. Anahitaji kuonwa na kupimwa kwa mizani ile ile, na akipungua aambiwe alipopungua.

Kuna somo jingine kutoka kwa jirani. Kenya ni mabingwa wa sifa katika raga ya wachezaji saba. Mwaka 2016 iliifunga Fiji 30–7 katika fainali ya Singapore, na dunia ikashangaa. Raga ya wachezaji saba ni mchezo wa mbio na nafasi. Lakini raga ya wachezaji kumi na watano huamuliwa kwa sehemu kubwa na wale wanane wa mbele, wanaoshikana mabega na kusukumana na wanane wa upande wa pili ili mpira upatikane. Hao hawapigiwi makofi sana, na mara nyingi uso wa mmoja umezama chini ya kwapa la mwenzake. Novemba 2022, Kenya ilipokwenda Dubai kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la mchezo huo, ilifungwa na Marekani 68–14 na Ureno 85–0. Nchi yenye wakimbiaji wa kutamanika iligundua tena kwamba wanane wa mbele hawapatikani kwa kuita majina mwezi mmoja kabla ya safari. Mwili wa kazi ile hujengwa kwa miaka, na watu wanane hao huchaguliwa kama kitu kimoja, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake.

Kandanda si raga, lakini kanuni hiyo haibadiliki. Safu ya mbele haiundwi kwa kuwakusanya watu watatu wanaosifiwa sana na magazeti. Huundwa na watu wanaokamilishana: mwenye mbio, mwenye nguvu ya kuukinga mpira, mwenye jicho la pasi ya mwisho. Ili kocha awe na nafasi ya kuchanganya hivyo, lazima mezani kwake yawepo majina ishirini ya washambuliaji waliolelewa vizuri, si matano. Na majina ishirini hayo hayaandikwi kwanza Dar es Salaam. Huandikwa kwanza na mwalimu.

Ni hapa ambapo suala hili linaacha kuwa la kocha na viongozi wa kandanda, likawa la walimu na watumishi wa serikali. Mteuzi wa kwanza wa timu ya Taifa ni mwalimu wa michezo wa shule ya msingi. Mteuzi wa pili ni yule anayeunda timu ya kata, wa tatu ni afisa michezo wa wilaya, wa nne ni kamati ya mkoa inayoandaa kikosi cha UMITASHUMTA au UMISSETA. Mtoto akiangushwa na mmoja wa hao kwa haki, amepimwa. Akiangushwa kwa uzembe au kwa hila, Taifa limeibiwa, na mwizi hatajulikana, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kilikuwapo cha kuibwa.

Hila kubwa kuliko zote inajulikana kwa jina: vijeba. Mwalimu anayetamani kombe la kata humchukua kijana aliyekwisha kuota ndevu, humwandika kuwa ana miaka 13, na kijeba huyo hufunga mabao manne. Kombe hupatikana, mkuu wa shule hupongezwa, mbuzi huchinjwa. Lakini yupo mtoto halisi wa miaka 13 aliyekaa nje ya mstari siku hiyo, aliyekuwa na kipaji kuliko kijeba lakini hakuwa na kifua chake. Mwaka ujao mtoto huyo harudi uwanjani. Kijeba naye, baada ya miaka miwili, hana anakokwenda. Nchi hii ilikwisha kulipa deni la tabia hiyo mbele ya bara zima, pale timu ya vijana wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilipoondolewa katika fainali za Afrika za 2005 kwa ajili ya umri wa mchezaji, baada ya kufuzu kwa jasho. Aibu ile haikuanzia katika ofisi za Dar es Salaam. Tabia iliyoizaa hulelewa katika mashindano madogo ambayo watu huyaona hayana maana.

Kosa jingine lilikuwa la mipango. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya shuleni ilisimamishwa kwa muda kwa hoja kwamba inawapotezea wanafunzi masomo. Michezo ilirudishwa baadaye, na mwaka 2021 mashindano hayo ya kitaifa yalifanyika Mtwara kwenyewe, jambo lililowapa moyo watu wa kusini. Lakini kizazi kilichokosa michezo wakati ule hakikurudishwa. Mtoto wa miaka 12 hangojei waraka ubadilishwe, hukua. Waliohusika na elimu hawana budi kuukumbuka mfano huo kila linapotokea wazo la kukitumia kipindi cha michezo kwa jambo jingine.

Yanayotakiwa si makubwa, wala hayahitaji fungu jipya la fedha. Kila shule iwe na daftari la vipaji, ambamo mwalimu ataandika jina la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, nafasi anayocheza, na maneno machache ya kweli juu yake. Daftari hilo limfuate mtoto anapokwenda sekondari, kama yanavyomfuata matokeo ya mitihani. Afisa michezo wa wilaya ayakague madaftari hayo, asiishie kuhudhuria fainali ili akabidhi kombe. Wanaochagua timu ya mkoa wasitoke katika klabu moja wala katika mji mmoja. Chuo cha ualimu kama cha Kitangari kiwafundishe walimu wake wa kesho kumtambua mchezaji kwa jicho la ufundi, wajue kwamba mtoto mfupi mwenye kutazama pembeni kabla ya kupokea mpira ni hazina kuliko mrefu anayepiga kwa nguvu. Na kocha wa Taifa, kila anapotangaza washambuliaji wake, aueleze umma kwa sentensi chache vipimo alivyovitumia.

Mtoto wa kike asisahauliwe. Twiga Stars nayo inahitaji wafungaji, na juu ya nyanda hizi, ambako shida ya maji imekuwa kilio cha miaka mingi, ni msichana ndiye hubebeshwa ndoo saa ile ile ambayo kaka yake yuko uwanjani. Mwalimu anayepanga mazoezi ya wavulana peke yao amekwisha kuitupa nusu ya orodha kabla hajaanza kuiandika.

Uwanja ambao Taifa Stars huchezea jijini Dar es Salaam una jina la Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938. Alianzia shule ya Lupaso, akapita Ndanda, Kigonsera na Pugu, akafika Makerere, akawa mhariri wa magazeti, waziri, kisha Rais wa nchi kuanzia 1995 hadi 2005. Hakuna aliyeitengea Masasi nafasi hiyo kwa huruma. Ngazi aliyoipanda ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwapo, na vidato vyake vilijulikana: shule hii, mtihani huu, shule ile. Mtoto wa Lupaso aliyekuwa na kichwa cha kusoma alijua pa kuweka mguu.

Mtoto wa Kitangari mwenye miguu ya kufunga mabao hana ngazi kama hiyo. Ana bahati tu: bahati ya mjomba aliyeko Dar es Salaam, bahati ya mgeni aliyepita jioni moja akasimama kutazama. Taifa lisijenge safu yake ya mbele juu ya bahati. Orodha nyingine ya Taifa Stars itakapotangazwa, mjadala utawaka tena katika vyumba vya walimu, na ni haki yao kujadili. Lakini kabla mwalimu hajauliza kwa nini kocha amemwacha fulani, na afungue mtoto wa meza yake atazame kama kuna daftari ndani yake, na kama limeandikwa jina hata moja.